Jeshi si shule ya bure: jibu kwa rafiki zangu wa etide



Ijumaa iliyopita, saa ya etide, makelele yalitoka katika sali ya wafinalisti mpaka yakafika kwenye mabweni ya wadogo. Asubuhi tuliulizwa ni nani aliyeanza. Ninajibu hapa kwa maandishi: ni mimi. Kapita, ambaye kazi yake ni kunyamazisha wengine, njo aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Azabu yangu nimekwisha kuimaliza (majani ya nyuma ya jiko, siku mbili, na jembe lenye mpini wa kutikisika), na Bwana Prefe amenipa ruhusa ya kueleza katika bulletini yetu maneno yaliyoleta fujo ile. Alisema tu: “Andika, lakini andika kwa akili.” Nitajaribu.

Mambo yalianza na sauti katika telefone. Yaya yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni askari katika jeshi la Marekani. Msishangae. Wazazi wake walikimbia vita, wakavuka ziwa, na yeye alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, Tanzania. Huko walikaa miaka mingi. Mwaka 2016 walipelekwa Marekani kama wakimbizi, sawa na Wakongomani wengine maelfu kwa maelfu. Alipomaliza shule ya sekondari huko aliingia jeshi. Anatengeneza malori. Ninazungumza naye kwa Swahili ileile tunayosema hapa, ila ya kwake imeshika mapigo ya Kigoma.

Basi yaya alinitumia ujumbe akisema: “Mdogo wangu, niko nasoma universite. Jeshi njo linalipa.” Nikafanya kosa la kuwasikilizisha wenzangu. Mara moja mmoja akasimama juu ya benchi akasema: “Juu ya nini tunapoteza usingizi na shimi? Twende jeshi, tusome bila minervale!” Wengine wakapiga meza. Siku ileile watatu walikuwa wamerudishwa nyumbani kutafuta minervale ya trimestri, kwa hiyo mnaelewa kwa nini meza zilipigwa kwa nguvu.

Mimi nilisema hapana. Wao walisema unaogopa bunduki. Mimi nikasema naogopa hesabu mbaya. Hapo njo kelele ilipopanda.

Tufanye ile hesabu kwa utulivu, sababu Ijumaa hakuna aliyenipa nafasi ya kuimaliza.

Jeshi la Marekani kweli linawasaidia askari walio kazini kulipa masomo ya universite. Kanuni ya wizara yao ya ulinzi inasema hivi: mpaka dola 250 kwa kila kredi ya semestri, na si zaidi ya dola 4,500 kwa mwaka mmoja. Somo moja kwa kawaida ni kredi 3. Basi somo moja ni dola 750, na 4,500 ukigawanya kwa 750 unapata masomo 6 kwa mwaka. Lakini diploma yao ya kwanza ya universite, ile wanayoipata vijana wasio askari kwa miaka 4, kwa kawaida inataka kredi 120, ni kusema masomo 40. Gawanyeni 40 kwa 6. Hata yule aliyefeli hesabu trimestri ya kwanza ataona ni karibu miaka 7. Na hiyo ni kwa askari ambaye hakuugua, hakutumwa mbali, hakuchoka, na hakufeli hata somo moja.

Kufeli pia kuna bei. Askari akipata alama chini ya C katika somo, lazima arudishe feza ambazo jeshi lilimlipia. Yaya alipata D katika hesabu mwaka wake wa pili. Dola 750 zilitoka katika mshahara wake kidogo kidogo. Aliniambia hakuwa mvivu. Egzame ilimkuta katika mazoezi porini, mahali ambapo hata telefone haikushika, na alipotoka alikuwa na siku mbili tu za kujitayarisha.

Ndugu zangu, wale waliopiga meza hawakusikia mwisho wa ujumbe wake, juu walikuwa wamekwisha kuanza kuimba. Mwisho wake ni huu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya jua kuwaka wanakimbia na kufanya mazoezi ya mwili. Kisha kazi ya malori mpaka jioni. Anarudi na mikono yenye mafuta, anakula, anafungua mashini yake ya kuandikia saa mbili ya usiku, na mwalimu yuko mji mwingine hata hajawahi kumwona uso. Usiku mwingine anapewa zamu ya ulinzi, basi kitabu kinangoja. Katika miaka 3 amemaliza masomo 9. Nilihesabu: kama akiendelea kwa mwendo huo, yamebaki zaidi ya miaka 10. Anatumaini kupunguza, maana huko mafunzo ya jeshi yenyewe yanaweza kuhesabiwa kuwa kredi kazaa, na kuna egzame ambazo askari anaweza kufanya bila kulipa, akashinda, na somo likahesabiwa kama limekwisha. Lakini hata kama atapunguza, bado ni miaka.

Na kabla ya yote lazima mkubwa wake akubali. Kazi ya jeshi inapita mbele, darasa linafuata nyuma. Siku komanda akisema “kesho tunaondoka”, hakuna kuinua mkono na kusema “Bwana Komanda, nina egzame Jumatano.”

Sisemi haya ili kumcheka yaya. Mimi namheshimu sana. Ninasema ili neno “bure” litoke katika midomo yetu. Anasaini kontra ya miaka kazaa, na wajibu wake wote kwa jeshi, ukijumlisha kazi ya kila siku na miaka ya kuwa akiba, ni miaka 8. Katika miaka hiyo wanaweza kumtuma popote kuna vita. Dada mmoja wa darasa letu, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza Ijumaa katikati ya makelele: “Na akifa mwaka wa tatu, nani atamaliza hizo kredi?” Ni wakati huo tu sali ilipokuwa kimya, labda kwa sekunde kumi.

Neno lingine kwa wale waliokwisha kufunga valizi katika mawazo yao. Mkongomani hawezi kutoka hapa na diploma yake mkononi akaenda kugonga mlango wa jeshi la Marekani. Wanapokea raia wao, na mgeni ambaye amekwisha kupewa haki ya kukaa kule siku zote. Na kuwa afisa, hapo wanataka uraia pamoja na diploma ya universite. Kwa hiyo yule ndugu yetu wa kitanda cha juu anayesema ataanza kwa kuwa luteni, alale kwanza.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo linanigusa katika habari hii, na sitaki kulificha eti kwa sababu ninabishana na rafiki zangu. Inchi ile iliona kwamba askari ni mtu anayeweza kusoma. Si jana. Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado havijaisha, waliweka sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi, na zaidi ya watu milioni 2 waliingia universite kwa sheria ile. (Tuseme ukweli wote: askari weusi, zaidi wale wa majimbo ya kusini, walifungiwa milango mingi.) Hiyo ilikuwa kwa wale waliotoka jeshini. Kwa wale waliokuwa bado wanavaa uniforme, Universite ya Maryland ilituma waalimu wake Ujeremani mwaka 1949, wakafundisha usiku ndani ya kambi za jeshi. Mwalimu anafuata askari, si askari anafuata mwalimu! Mwaka 1972 jeshi la anga likaanzisha koleji yake lenyewe kwa askari wa chini. Na mnajua jina la Colin Powell, mtoto wa wazazi waliotoka Jamaica, aliyekuja kuwa mkubwa wa wakubwa wote wa jeshi lao mwaka 1989. Mtu huyo alipigana mara mbili Vietnam, na mwaka 1971, akiwa afisa bado kazini, alipata diploma ya pili ya universite kule Washington. Jeshi njo lilimtuma kusoma.

Si kwamba kila kitu ni kizuri. Mahali penye feza za serikali wanyang'anyi hawakosi. Kuna shule za biashara kule ambazo zilikimbilia askari juu ya feza yao ya masomo, zikawapa makaratasi yasiyofaa. Mojawapo kubwa, ITT, ilifunga milango yote mwaka 2016, na wanafunzi wengi, askari wa zamani wakiwa kati yao, walibaki katikati ya barabara. Sisi wenyewe tunajua habari ya diploma zinazopatikana bila kusoma, sitaendelea hapo.

Sasa turudi kwetu, maana yaya wa Marekani si sababu ya kweli iliyonifanya nipandishe sauti. Sababu ni neno moja ambalo sisi sote tunalisema hapa shuleni. Mwanafunzi akifeli, tunamwambia: “Wewe utaenda jeshi.” Akichelewa darasani: “Jeshi linakungoja.” Waalimu kazaa wanalisema pia, na ninaomba wanisamehe kuandika hivyo. Neno hilo lina maana gani? Maana yake jeshi ni mahali pa kutupa watu ambao kitabu kiliwashinda.

Nimejaribu kutafuta neno hilo lilitoka wapi, na katika vitabu vichache vya historia tulivyo navyo nimeona kwamba si sisi tulioanza. Mwaka 1950, kijana mmoja aliyefukuzwa katika shule ya wamisionari ya Coquilhatville, mji ambao leo ni Mbandaka, alipelekwa Force Publique. Ilikuwa azabu. Alitumwa Luluabourg, leo Kananga, na kule jeshini akafundishwa kazi ya ofisi na ya hesabu. Alisoma magazeti, akaanza na kuyaandikia, na mwaka 1956 akatoka jeshi akawa mwandishi wa gazeti. Jina lake Joseph-Désiré Mobutu. Mimi simwandiki hapa juu ya kumsifu, kila mtu anajua yaliyofuata. Ninataka tu muone: shule ilimtupa, na alichojifunza baadaye alijifunza akiwa ndani ya uniforme.

Lakini nani mwingine alijifunza katika Force Publique? Wachache sana, na kwa mpaka uliowekwa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, jeshi lilikuwa na askari karibu 24,000 na maofisa karibu 1,000, na katika maofisa hao hakuwemo Mkongomani hata mmoja. Hata mmoja! Siku 5 nyuma, Jenerali Janssens akawaita askari, akaandika kwa choki kwenye ubao kwamba kabla ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Jioni ileile na siku zilizofuata askari wakaasi. Ilibidi waziri mkuu Lumumba amtafute jenerali haraka haraka, akamchukua Victor Lundula, aliyekuwa ajida katika vita vya pili vya dunia na wakati ule bourgmestre kule Jadotville, leo Likasi. Mobutu akawa kanali. Nikisoma habari hiyo ninafikiri juu ya ule ubao. Kwa miaka 75 hakuna aliyejali kuweka ubao mbele ya askari wale kwa kuwafundisha kuwa maofisa, na siku ya kwanza walipowekewa, ilikuwa kwa kuambiwa kwamba hakuna kitu kitakachobadilika.

Halafu angalieni kilichotokea nyuma. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa universite waliandamana Kinshasa, na askari wakawapiga risasi, wengine wakafa. Juni 1971 wenzao wa Lovanium walitaka kuwakumbuka wafu wao. Mobutu akafunga Lovanium na kuwaandikisha wanafunzi jeshini kwa nguvu. Agosti ya mwaka uleule universite zote tatu zikaunganishwa kuwa moja, UNAZA: Lovanium, ile ya serikali ya Lubumbashi, na Universite Libre ya Kisangani ambayo Waprotestanti wetu walikuwa wameianzisha mwaka 1963. (Mpaka 1981 njo zilipotengana tena.) Masomo yalipoanza, wanafunzi wale walirudi darasani wakiwa bado askari. Kwa hiyo Kongo nayo imeona askari anayesoma universite! Lakini mmeona kwa njia gani? Kijana ambaye shule ilimpeleka jeshini kwa kumuazibu alipokuwa mkubwa aliwaazibu wanafunzi kwa jeshi. Na sisi leo, katika bweni letu, tunaendelea na kazi ileile kwa mdomo.

Ninajua kwamba nitaambiwa: kapita, wewe unasema mambo ya vitabu, lakini sisi tunaona basoda kwenye barriere, na tunajua namna wanavyotutendea. Ni kweli. Mama yangu anauza samaki, na nimeona kwa macho yangu namna kitunga kinavyopungua kati ya ziwa na soko. Sikatai. Ninauliza tu: ukimwambia mtu tangu utoto kwamba anaenda mahali pa takataka, akifika kule atakuwa na heshima gani ya kulinda? Na kama kila mwenye diploma anakimbia, nani atabaki kuandika ripoti, kusoma karta, kuhesabu mishahara ya askari na kuwapa bila kuila? Inchi yetu iko na akademia ya jeshi pale Kananga, inatayarisha maofisa. Nani kati yetu wafinalisti 31 ameuliza namna ya kuingia? Niliuliza Ijumaa. Walicheka. Wale wale waliokuwa juu ya benchi wakitaka jeshi la Marekani, walicheka jeshi la kwao.

Hapa inanipasa niseme jambo ambalo nilitaka kuliacha. Bwana Prefe alisema niandike kwa akili, lakini hakusema niandike nusu.

Wengi mnamkumbuka ndugu yetu mmoja aliyetuacha akiwa bado na miaka miwili ya kumaliza. Sitataja jina. Alikuwa mkubwa kwetu kwa umri, sababu vita ilikuwa imemkatisha masomo mara mbili, na minervale ilimkatisha mara ya tatu. Alikuwa ananipita kwa fizike. Siku moja alichelewa kuamka, na mimi, kapita mdogo wa bweni wakati ule, mwenye kifua cha kapita mpya, nilimwambia mbele ya kitanda chake, wote wakisikia: “Mtu kama wewe ni wa jeshi tu.” Hakunijibu. Alitandika kitanda vizuri sana, kuliko siku zote. Mwisho wa trimestri hakurudi. Nyuma tulisikia kwamba ameingia jeshi kweli.

Sisemi kwamba neno langu njo lilimpeleka. Kulikuwa na mambo mengine, nyumbani kwao kulikuwa na njaa. Lakini neno nililisema.

Wiki tatu zilizopita aliniandikia. Si barua ya kirefu. Anauliza habari za shule, anauliza kama mti wa maembe wa nyuma ya kanisa bado uko. Halafu anasema anataka kufanya Egzame ya Serikali kama otodidakti, yaani mtu asiye katika shule, na anaomba kaye zetu za miaka miwili aliyokosa. Anasoma usiku kwa taa ya telefone, wenzake wakilala. Yeye na yaya yangu hawajuani, mmoja yuko Texas na mwingine katika kambi yetu moja huku, lakini wanafungua kitabu saa ileile ya uchovu. Tofauti ni kwamba kwa yaya kuna dola 750 kwa kila somo, kuna ofisi ndani ya kambi, kuna mtu ambaye kazi yake ni kumwambia askari ni somo gani achukue. Kwa huyu wa kwetu hakuna ofisi. Ofisi yake ni sisi.

Nilisoma barua ile mbele ya wafinalisti, na hapo njo mabishano yalikuwa makali kuliko yale ya Marekani. Mmoja alisema: “Alikimbia, sasa anataka matunda ya wale waliobaki.” Mwingine: kaye yangu nimeiandika kwa jasho, na sisi wenyewe tunaihitaji kwa Egzame. Huyu wa pili ana haki, tena haki kubwa, na nimefikiri sana juu ya neno lake. Hakuna mtu atakayempa kaye yake sasa, miezi michache mbele ya egzame. Lakini kuna kaye za mwaka jana ambazo zinalala chini ya magodoro na kuliwa na panya. Kuna mikono ya wadogo wanaoandika muzuri kuliko sisi, na Jumamosi nyuma ya kazi za mikono wana saa mbili tupu. Kuna stensili zilizobaki nusu. Yule wa kwanza, wa “alikimbia”, nitamwuliza tu kama yeye angelipiwa na nani, kama baba yake asingekuwa mwalimu.

Kuhusu mimi mwenyewe, kwa kuwa mliniuliza: baba mdogo anataka niingie jeshi mwaka huu, na anasema ana mtu wa kunisaidia. Nimemjibu kwa heshima kwamba kwanza nimalize Egzame, halafu nipeleke maombi universite, na kama minervale ikishindikana nitaandika Kananga mimi mwenyewe, bila mtu wa kunisaidia, nikiwa na diploma mkononi. Hakufurahi. Mama naye hakufurahi, lakini kwa sababu nyingine.

Mpaka leo Jumatatu, kaye zilizokwisha kunifikia kwa ajili ya ndugu yetu ni hizi: historia, kaye 2. Biolojia, kaye 1, ila kurasa za mwisho zimechanwa. Kifaransa, kaye 3, moja ina mchoro wa kandanda kila ukurasa, mwenyewe anajijua. Hesabu, kaye 2 kamili kabisa, zimeletwa na yule dada aliyeuliza lile swali. Fizike hakuomba. Anasema bado anaikumbuka. Inayokosa ni shimi, yote. Mwenye nayo anipelekee nyuma ya chakula cha jioni, niko kwenye kitanda cha kwanza karibu na mlango. Lori la pale soko linaondoka Alhamisi.

Kapita wa enternati, darasa la wafinalisti